Roshani ya Kwaya na Saa ya Kifuani

Akina mama wenzetu, bila shaka wengi mnaosoma ukurasa huu mnasali katika makanisa yenye roshani, ile ghorofa ndogo ya nyuma, juu ya mlango mkubwa, ambako kwaya hupanda na majoho yao. Sikukuu zikifika, watoto wa shule ya Jumapili nao husukumwa huko kwa sababu chini pamejaa. Kanisani kwetu huku Mbagala, wilayani Temeke, tunapaita "juu kwa kwaya". Chini yake, karibu na mlango, ndipo yalipo mabenchi ya akina mama wanaonyonyesha. Hakuna aliyepanga hivyo kwa nia mbaya. Mtoto akilia, mama anatoka mara moja bila kupita mbele za watu.

Sisi kwa kazi ni wauguzi, na kanisani tunajitolea kuwahudumia mama hao. Tunapima watoto uzito mara moja kwa mwezi, tunafundisha unyonyeshaji, na Jumapili tunakaa nao hapo hapo chini ya roshani. Kwa hiyo tulijua siku nyingi jambo ambalo hakuna aliyelisema kwa sauti. Kwaya ikiimba wimbo wa pole, kimya. Wakianza pambio la kuruka, feni iliyoning'inia juu ya vichwa vyetu huanza kuyumba hata kama umeme umekatika. Maji ndani ya chupa ya mtoto hufanya viduara. Ukiweka kiganja ukutani unausikia mtetemo, kama unavyousikia moyo wa mtoto mwenye homa.

Jumapili moja mwaka 2024 vumbi la plasta lilidondoka kwenye kanga ya mama aliyekuwa akimnyonyesha mtoto wa wiki sita. Alilipangusa, akamfunika mtoto uso, akaendelea kukaa. Sisi tulikuwa benchi la pili. Tulimtazama, tukatazama juu, tukanyamaza. Jambo hilo linatusuta mpaka leo, maana zahanati tusingenyamaza. Mtoto akiletwa na dalili ndogo kuliko hiyo tunamwita daktari. Lakini kanisani tulijiambia kuwa wapo wazee, ipo kamati ya ujenzi, sisi ni nani.

Wiki chache baadaye, Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Wakazi wa Dar es Salaam hatuhitaji kuelezwa maana ya jengo kuanguka. Tunakumbuka pia Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, pale mtaa wa Indira Gandhi, jengo la ghorofa 16 lililokuwa bado linajengwa lilipoporomoka na kuua watu 36. Na sisi wa upande huu wa Temeke tunayo milipuko ya Mbagala ya tarehe 29 Aprili 2009, na tetemeko la usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 lililotokea baharini na kututoa wengi wetu nje na watoto mikononi. Ukisikia kitu kinatikisika, mwili unakumbuka wenyewe kabla akili haijauliza.

Basi baada ya Kariakoo tulijikusanya wanne tukaenda kwa wazee.

Hatukupokewa vibaya, lakini hatukupokewa vizuri. Mzee mmoja alisema roshani ile imesimama miaka mingi, na kwaya ikicheza lazima pacheze, hata daraja hucheza gari likipita. Hapo hakukosea: kitu chochote kilichojengwa husogea kidogo, na kisichosogea kabisa hakipo. Mwenyekiti wa kwaya, ambaye ni mama mwenzetu na tumezikiana, alidhani tunataka kuwazuia wasicheze. Alisema maneno ambayo hatutayaandika hapa. Mchungaji alisikiliza wote, kisha akatuuliza, "Inatikisika kiasi gani? Na mara ngapi?"

Tukakosa jibu.

Ninyi mliowahi kuleta mtoto kliniki mnajua kwa nini tuliona aibu. Hilo ndilo swali letu sisi. Mama anakuja na kusema, "Nesi, mtoto anapumua haraka." Hatuandiki "haraka" kwenye kadi. Tunamtuliza mtoto, tunainua nguo, tunatazama tumbo na kifua, tunashika saa na kuhesabu dakika nzima. Mtoto wa chini ya miezi miwili akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, hiyo ni hatari. Wa miezi miwili hadi chini ya mwaka ni mara 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi chini ya miaka mitano ni 40 au zaidi. Mama anaweza kuwa ameona sawa tangu jana yake, lakini mpaka pale pumzi zilipohesabiwa, neno lake lilikuwa hofu ya mama tu. Na sisi tuliwapelekea wazee hofu ya akina mama.

Mmoja wetu ana mtoto wa dada yake anayesoma ufundi wa majengo, kijana mtaratibu. Alitukuta nyumbani tunanung'unika. Alisalimia, "Shikamooni mama zangu," akaketi kwenye ndoo, akasikiliza. Kisha akasema hilo linaweza kuhesabiwa kwa simu ya mkononi. Tulicheka. Wataalamu wa kupima mitetemo ya majengo, akasema, huwa na vyombo vidogo vinavyobandikwa ukutani, na ni vya gharama. Lakini siku hizi hata kamera ya kawaida ya video inaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo, kwa sababu video ni picha nyingi zilizopangwa kwa muda. Ukijua picha ngapi zimepigwa kwa sekunde, na ukijua alama fulani ilikuwa wapi katika kila picha, umepata mwendo wote.

Akatuonyesha video iliyotufanya tusogee karibu. Mwaka 2012 watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani walionyesha njia ya kukuza mwendo mdogo ulio ndani ya video, ule ambao jicho halioni. Na mfano mmojawapo waliotumia ni mtoto mchanga aliyelala. Katika video ya kawaida mtoto yule ametulia kama mdoli. Katika ile iliyokuzwa, kifua kinapanda na kushuka waziwazi. Walionyesha pia uso wa mtu ukibadilika rangi kwa kila pigo la moyo, kwani damu inapofika usoni ngozi hugeuka kidogo sana, na kompyuta inalikuza badiliko hilo. (Ilibidi tuulize kuhusu ngozi nyeusi kama zetu. Kijana alikiri kuwa hapo kazi ya kusoma rangi huwa ngumu zaidi. Ya kusoma kifua haina shida hiyo.) Baadaye wahandisi wa chuo hicho hicho waliutumia ujuzi huo kwa majengo. Waliweka kamera umbali wa zaidi ya mita 170, wakapima mtikisiko wa mnara wa antena ulio juu ya jengo lao refu bila kupanda wala kubandika kitu.

"Sasa huo wa kwenu," akasema kijana, "mnauona kwa macho. Hauhitaji hata kukuzwa. Unahitaji kuhesabiwa tu."

Tuliomba ruhusa kwa mchungaji, tukapewa jioni ya mazoezi ya kwaya. Vifaa vyetu vilikuwa hivi. Simu moja ya kijana, si ya bei kubwa, yenye ufa kwenye kioo. Mbao mbili kwa nne, moja, ikapigiliwa kwenye ukingo wa roshani na kushuka hadi usawa wa kifua cha mtu. Kadi ya karatasi ya manila yenye miraba myeusi na myeupe, kila mraba sentimita 2 kamili kwa rula, ikabandikwa mwisho wa ubao huo. Kadi ya pili kama hiyo tuliibandika kwenye stuli nzito iliyosimama sakafuni, kando ya ile ya kwanza, zionekane pamoja. Sababu yake ni nzuri: simu nayo hutikisika. Kadi ya stuli ikionekana inasogea, ujue ni simu inayosogea, na kiasi hicho unakitoa. Simu yenyewe tuliifunga kwa mpira wa ndani ya baiskeli juu ya tofali tatu, hatua moja kutoka kwenye kadi.

Na saa. Kijana alisema simu za bei nafuu si waaminifu wa muda, akaomba saa yoyote yenye mshale wa sekunde iwekwe ndani ya picha. Tukamvulia saa yetu ya kifuani, ile tunayohesabia pumzi, tukaibana kwenye kadi ya stuli kwa pini.

Jaribio la kwanza lilituchekesha. Kijana alitaka mtu mwenye mwili asimame katikati ya roshani peke yake, anyanyuke kwa vidole vya miguu, kisha ajiachie aanguke kwa visigino mara moja tu. Sakafu iliyogongwa hivyo huendelea kutetemeka kidogo kwa mwendo wake yenyewe, kama kengele inavyolia kwa sauti yake hata uigonge kwa fimbo gani. Aliyechaguliwa ni yule mzee aliyetuambia hata daraja hucheza. Alipanda, akajiachia kwa heshima zote, akarudia mara tano. Kisha kwaya wakapanda, watu 34, wakaimba pambio lao la kuruka kwa dakika mbili. Sisi tulisimama chini tukitazama kadi. Haikuhitaji kompyuta. Miraba ilikuwa inapanda na kushuka.

Kijana alikwenda nayo nyumbani, akaiweka video kwenye kompyuta ya rafiki yake yenye programu iitwayo Tracker. Ni ya bure, walimu wa fizikia huitumia. Unaionyesha kona moja ya mraba, nayo inaifuata picha baada ya picha na kuchora mstari wa mawimbi. Ukiyatazama yale mawimbi utadhani ni karatasi ya kipimo cha moyo.

Majibu ya kwanza yalikuwa haya. Kwaya ikiruka, ukingo wa roshani ulikwenda milimita 4 kutoka juu hadi chini. Na mwendo wa sakafu yenyewe, ule wa visigino vya mzee, ulikuwa mara 5 kwa sekunde. Pambio tulilihesabu kwa sikio na saa: mapigo 126 kwa dakika, yaani mara 2.1 kwa sekunde.

Hapa tueleze kidogo, maana ndipo penye hatari. Mnajua bembea ya watoto. Ukiisukuma ovyo haipandi. Ukiisukuma kwa wakati wake, hata kwa kidole, inapanda mpaka mama anapiga kelele. Na si lazima uisukume kila inaporudi, kwani ukiisukuma mara moja kila inaporudi mara mbili, kwa wakati ule ule, bado itapanda. Sakafu nayo ni hivyo. Watu wakiruka mara 2.1 kwa sekunde, inayodhurika zaidi ni sakafu yenye mwendo wa 2.1, au mara mbili yake, yaani 4.2. Uzito wa watu pekee si tatizo kubwa kama watu wanaokwenda pamoja. Mwaka 2011 huko Seoul, Korea Kusini, jengo la ghorofa 39 lilitikisika hata watu wakakimbia nje, na uchunguzi ukaonyesha chanzo ni watu wapatao 20 tu waliokuwa wakifanya mazoezi ya viungo kwa muziki katika ghorofa ya 12. Daraja jipya la waenda kwa miguu la London, lililofunguliwa tarehe 10 Juni 2000, lilifungwa siku mbili baadaye kwa kuyumba kwa hatua za watu, na halikufunguliwa tena mpaka Februari 2002. Hayo yalijengwa na watu waliosoma.

Kwa hiyo wazee waliposikia sakafu ni 5 na pambio ni 4.2 kwa kuzidisha, walifurahi. Havikutani. Mzee wa visigino alisema, "Mnaona sasa, akina mama," bila ubaya, na mwenyekiti wa kwaya akachukua mkoba wake akaondoka. Hata kijana alikuwa tayari kuamini. Tulirudi nyumbani tukiwa tumeshindwa, na tuseme kweli, tulikuwa pia tumefarijika. Nani anataka kanisa lake liwe na ugonjwa?

Lakini usiku ule hatukulala vizuri. Kama havikutani, mbona kadi ilikwenda milimita 4? Mtoto mwenye joto la kawaida hawezi kuwa anatetemeka mbele ya macho yako. Kipimo kikipingana na mgonjwa, unarudia kipimo. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa chuoni na walimu wakali, Mungu awape maisha marefu.

Kesho yake tulimwita kijana, tukamwambia atuonyeshe video tena, si mistari, bali video yenyewe ndani ya ile programu. Tukaacha kadi, tukatazama saa. Tuliangalia mshale wa sekunde utoke kwenye 12 uzunguke urudi kwenye 12, huku tukisoma muda unaohesabiwa na kompyuta pembeni. Mshale ulimaliza dakika yake. Kompyuta ilisema zimepita sekunde 50.

Kijana alishika kichwa. Programu ilidhani simu imepiga picha 30 kila sekunde, kama ilivyoandikwa kwenye simu. Lakini ilikuwa jioni, taa za kanisani ni hafifu, na simu ya namna ile mwanga ukipungua hupunguza picha ili kila moja ipate mwanga wa kutosha. Ilikuwa inapiga 25. Kompyuta ikaharakisha kila kitu bila kujua. Mara 5 kwa sekunde haikuwa 5. Ukiirekebisha kwa saa yetu unapata 4.2, kwa kukosea kidogo tu huku au huku.

Tulikaa kimya, kisha kijana akatusimulia kisa ambacho alikuwa amefundishwa lakini hakukumbuka kukitumia. Kule Marekani palikuwa na daraja la Tacoma, lililofunguliwa tarehe 1 Julai 1940 na kuanguka tarehe 7 Novemba mwaka huo huo, likiwa limejikunja kwa upepo kama mkeka unaokung'utwa. Lilipigwa filamu, na filamu hiyo imeonyeshwa kwa wanafunzi wa uhandisi dunia nzima. (Hakufa mtu. Alikufa mbwa aliyekuwa ndani ya gari.) Katika filamu wanayoonyeshwa wengi daraja linajikunja mara 18 kwa dakika. Lakini walioshuhudia na saa mkononi walihesabu mara 12. Filamu ilipigwa kwa picha 16 kila sekunde, baadaye ikaonyeshwa kwa 24, na daraja likaharakishwa kwa miaka mingi. Kosa letu lilikuwa lile lile, ila sisi tulikuwa tumebandika saa.

Kabla ya kurudi kwa wazee tulifanya jambo moja zaidi, na hili tulimwomba mwenyekiti wa kwaya kwa unyenyekevu, tukaenda kwake na kilo mbili za sukari. Tulimwomba kwaya iruke tena, mara ya kwanza kwa pambio lile lile, mara ya pili kwa wimbo wenye mapigo 100 kwa dakika. Alikubali kwa kutotaka ubishi. Watu walikuwa wale wale 34. Kwa pambio, milimita 4 tena. Kwa wimbo wa mapigo 100, kadi haikusogea hata milimita moja. Mwenyekiti alishuka, akasimama mbele ya kadi, akawaambia wenzake waimbe pambio bila yeye, akatazama mwenyewe. Hakusema neno. Alikwenda akachukua watoto wawili waliokuwa wanacheza chini ya roshani, akawatoa nje kwa mkono.

Mchungaji alipopata namba, alipata pa kuanzia. Kaka wa mmoja wetu anamfahamu mhandisi aliyesajiliwa, akaja Jumamosi. Tulimwonyesha kazi yetu kwa fahari kidogo, naye akatushusha vizuri. Alisema kipimo chetu ni kizuri na kimemfikisha haraka mahali pa kutazama, lakini kamera haioni ndani ya zege. Haijui nondo ni ngapi, zina unene gani, zimeshika kutu au la. Sakafu inaweza kutetemeka sana na isianguke, na nyingine isitetemeke kabisa na ikaanguka siku moja bila kuaga. "Ninyi mnahesabu pumzi," alituambia, "halafu mnampa mtoto rufaa. Hamsemi mapafu yana nini." Tukakubali. Ndivyo ilivyo.

Akaomba ramani. Ilichukua siku tisa kupatikana, ndani ya sanduku la marehemu mweka hazina. Kwenye ramani, chini ya ukingo wa roshani, zimechorwa nguzo mbili. Kanisani hakuna hata moja. Wakubwa wetu wa wakati ule waliona nguzo zitawazuia waumini wa nyuma wasione madhabahu, fundi akakubali kuziacha, na boriti ikabaki ikivuka upana wote peke yake. Mhandisi aligonga zege kwa chombo kama nyundo chenye springi ndani, akabandua plasta sehemu mbili, akatazama ufa uliokuwa ukidondosha vumbi. Wengine walikuwa wakisema ni ufa wa milipuko ya 2009, wengine wa tetemeko la 2020. Yeye alisema ni wa boriti inayopinda na kunyooka Jumapili baada ya Jumapili.

Agizo lake lilikuwa fupi. Mtu asipande juu. Mabenchi ya wanaonyonyesha yahamishwe siku hiyo hiyo. Mirunda isimamishwe chini ya boriti mpaka nguzo zijengwe, na misingi yake ichimbwe kama ramani ilivyosema.

Fedha ikawa taabu, kama kawaida ya makanisa yetu. Umoja wa akina mama ulikuwa na shilingi 1,860,000 tulizoweka kwa miaka miwili kwa ajili ya banda la jikoni, maana tunapika harusi na misiba kwenye mvua. Tulipopendekeza zitolewe, kikao kilivunjika mara ya kwanza. Mama mmoja alisema wanaume waliondoa nguzo ili waone mbele, na sasa wanawake wazilipie ili wasione. Tulishindwa kumjibu, na mpaka leo tunaona alisema kweli. Mara ya pili fedha zilitolewa, na yeye alikuwa wa kwanza kunyanyua mkono. Banda la jikoni bado hatuna.

Nguzo zilikamilika miezi mitano baadaye. Kijana alirudi na simu, mbao, kadi na stuli, safari hii mchana, milango ikiwa wazi ili mwanga utoshe, na saa ikiwa mahali pake. Mzee wa visigino alijitolea bila kuombwa. Kwaya wakaruka kwa pambio lile lile. Kadi ilikaa. Katika kompyuta ule mstari ulikuwa na vikwaruzo vidogo tu, na mwendo wa sakafu yenyewe kijana hakuweza kuupata. Alisema huenda sasa ni wa haraka mno kwa simu yake. Picha 30 kwa sekunde haziwezi kuhesabu kitu kinachokwenda zaidi ya mara 15, kama vile jicho letu lisivyoweza kuhesabu mbawa za mbu. Wazee walitaka namba ya kuandika kwenye kumbukumbu. Wakaandikiwa kwamba haikupimika kwa chombo kilichokuwapo, na mhandisi akaweka sahihi yake kwa ukaguzi wake mwenyewe.

Mabenchi ya wanaonyonyesha yamerudi karibu na mlango. Yule mtoto wa wiki sita sasa anatembea, na hupenda kuizunguka nguzo ya kushoto mpaka anaanguka chini kwa kizunguzungu. Jumapili iliyopita mama yake alitunong'oneza kuwa nguzo inamziba, haoni mhubiri. Tukabadilishana naye nafasi. Sasa ni sisi tusioona.